Kamera Mbili Ukweni Obokote

Sababu ya safari hii ilikuwa mke wa mtu, na nasema mapema kwamba hakuwa mke wangu, ili majirani wa mtaa wetu wa Mikelenge wasianze maneno yao. Alikuwa mke wa jirani yangu Anatole, karani wa reli hapa Kindu, na jina lake Feza. Tangu mavuno ya mpunga Feza alikuwa amerudi kwao Obokote, upande wa Lubutu, bila ugomvi, bila kelele, na bila kusema atarudi lini. Alifunga mzigo wake kwenye kitenge, akapanda kamyo, basi.

Anatole aliwaambia watu kwamba mkewe amekwenda kumwuguza mama yake. Mtaa mzima ulijua kwamba mama huyo alikuwa na afya kuliko Anatole mwenyewe. Kilichomwondoa Feza ni picha. Anatole alikuwa amejipatia kamera ya mfukoni, ile ya kukunja, ambayo ukiifunga inaingia ndani ya koti na ukiifungua inatoa pua. Tangu siku hiyo hakwenda hata chooni bila kamera. Kuta za sebule yake zilijaa: stesheni, kichwa cha garimoshi, meli mtoni, makarani wenzake wa klabu wameshika glasi, baiskeli yake kwa upande wa kushoto, na baiskeli ile ile kwa upande wa kulia. Feza alikuwa katika picha moja tu. Ilikuwa picha ya wageni mezani, naye alionekana mkono, kuanzia kwenye kiwiko, umeshika bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mwishowe habari zikaletwa na dereva wa kamyo ya mpunga. Mzee Alimasi, baba yake Feza, alikuwa ameamua hivi: binti yake apigwe picha huko kwao, amekaa kitini, mbele ya watu wa ukoo, kwa mashine ya heshima, ile yenye miguu. Ikishapigwa, Feza atarudi Kindu na mumewe. Isipopigwa, Anatole aje achukue mbuzi wake wa mahari na kila mtu aendelee na maisha yake. Anatole alicheka mbele ya dereva, lakini jioni ile alikuja kwangu bila kofia.

Mashine yenye miguu ilikuwa yangu. Mimi Ramazani ni mpiga picha, na sanduku langu nililipata kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya na hakutaka kulibeba. Sasa najua kwa nini. Ni sanduku la mbao lenye mfuko mweusi wa kukunjika kama kinanda cha akordeo, miguu mitatu ya kusimamia, nguo nyeusi ya kujifunika kichwa, na vioo vyake vizito ambavyo picha inaingia humo. Ukitaka kumpiga mtu picha, unamkalisha, unajifunika, unamtafuta kwenye kioo cha nyuma, unamvuta karibu, unamwambia asitikisike, na akishachoka kabisa ndipo unapiga. Watu wengi wa Kindu wamejiona usoni mwao jinsi walivyochoka wakadhani ni heshima.

Anatole hakupenda wazo la kubeba sanduku. Pale klabuni kwao alikuwa amewahi kutoa hotuba nzima juu ya kamera ndogo, kwamba Ulaya wameacha masanduku, na kwamba maendeleo ni kitu kupungua ukubwa huku nguvu zake zikibaki. Nilimwambia kwamba kwa hesabu hiyo mishahara ya watu weusi ilikuwa imeendelea sana. Hakucheka. Alisema tutachukua kamera zote mbili: sanduku langu kwa ajili ya kumtuliza mzee, na yake kwa ajili ya kazi yenyewe, maana mzee akishaona kitu cha kisasa ataelewa. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa sijafika Obokote, na kwa sababu nilitaka kuona mzee atakavyoelewa.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kuomba ruhusa ya safari. Wakati wa Wabeleji mtu mweusi hakutoka mji wake kwenda mji wa pili kama mbuzi aliyekata kamba; alihitaji karatasi. Anatole alivaa suti yake ya kijivu na tai, akaeleza kwa Kifaransa kirefu kwamba anakwenda kumpiga picha mke wake. Mzungu aliyekaa mezani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili cha kuagizia maji: "Bibi yako, weye hapana kumuona bado?" Akacheka peke yake, akagonga muhuri. Njia nzima mpaka mtoni Anatole alikuwa akinieleza jinsi ambavyo angeweza kumjibu.

Kwenye pantoni ya kuvukia kwenda Alunguli tulikuta mzungu mwingine, huyu mpita njia, amevaa kaptura, na kifuani ana kamera ndogo nzuri kuliko ya Anatole mara nyingi. Anatole alisogea karibu yake ili kamera mbili zijuane. Alitoa ya kwake, akaifungua pua, akaanza kuifuta kwa kitambaa. Mzungu alikuwa anawapiga picha akina mama waliotoka sokoni na vikapu. Alimwangalia Anatole, suti, tai, viatu, kisha akampungia mkono asogee pembeni. Anatole akasogea kidogo. Mzungu akapunga tena. Ilibidi dereva wa pantoni amwelezee kwamba bwana anataka wenyeji, na suti inamharibia picha.

Anatole akaenda kusimama nyuma ya ndoo za mawese. Mimi na sanduku langu na miguu yangu mitatu tulipigwa picha mara mbili, nadhani kwa sababu nilionekana kama mtu anayehama na kabati. Nilimsikitikia kweli, na bado nilicheka, na mtu akiniambia mambo hayo mawili hayakai pamoja, basi hajavuka mto na Anatole.

Upande wa pili tulipata kamyo iliyokuwa inapita Kalima na Punia kwenda Lubutu. Kiti cha mbele kilikuwa cha mama mmoja mja mzito, kwa hiyo makarani na wasio makarani wote tulipanda nyuma juu ya magunia. Hapo Anatole alipata mateso ya suti. Magunia yalikuwa na vumbi, pembeni kulikuwa na samaki wa moshi, na chini ya samaki kulikuwa na mafuta. Alitazama huku na huku, kisha akakaa juu ya kasha la vioo vyangu. Nilimwambia humo mna vioo. Akaniambia kitu kikubwa namna hii, kama hakiwezi hata kumkalisha mtu, kina faida gani? Watu wote wa kwenye kamyo walimwunga mkono, kwa sababu walikuwa wameshaumia magoti kwa ajili ya miguu ya kamera yangu.

Na walikuwa na haki. Kila kamyo ilipokata kona, ile miguu ilimchagua mtu mpya. Mzee mmoja wa Kalima ilimgonga kwenye nyonga mpaka akaniuliza kama kitu hicho ni cha kupiga picha au cha kupiga watu. Anatole alikuwa anatabasamu, ameweka kamera yake mfukoni, mikono mitupu, mtu mwepesi wa zama mpya. Nilimchukia kwa moyo wote kutoka Kalima mpaka Punia.

Baada ya Punia mvua ilituzuia. Barabara ya udongo mwekundu iligeuka uji, tukashuka tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Kwenye mto mmoja tulivuka kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja na kuvutwa kwa kamba, kamyo juu na sisi tukiomba Mungu kila mtu kwa dini yake. Anatole alipiga picha ya kamyo, ya kamba, ya mto, ya kamyo tena. Nilimwuliza kama ameanza kupanga atakalomwambia mkewe. Akasema, "Fundi, mambo ya nyumba hayapangwi, yanajipanga." Mtu aliyesema vile alikuwa amekaa juu ya vioo vyangu.

Lubutu tulionyesha karatasi zetu, tukapumzika, na kesho yake tukaelekea Obokote kwa miguu. Msitu huko ni wa karibu sana na njia, unatembea huku majani yanakufuta jasho. Mzigo wangu tulisaidiana na vijana wawili waliokuwa wanarudi kutoka kuuza mpunga. Wao waliliheshimu sanduku bila kuambiwa, na mmoja aliniuliza kama ndani mna mtakatifu. Nilimjibu kwamba bado.

Ukweni kwa Anatole tulipokelewa vizuri kuliko tulivyostahili. Maji ya kunawa yaliletwa, ndizi na wali vikaletwa, na Mzee Alimasi akatoka na kofia ya kizungu iliyopoteza ukingo wa nyuma. Alikuwa mzee mfupi, mwenye sauti ya kutosha watu wanne, na alipenda kusikilizwa. Feza alikuja kusalimu, akapiga goti kidogo kwa mumewe, akauliza habari za Mikelenge, akarudi jikoni. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Hapo napenda kueleza jambo moja kwa wasomaji wa mbali. Kwa watu hawa, mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani. Mama Feza alipokuwa anapita uani, alijifunika kitenge upande wa uso, na Anatole alipaswa kugeukia ukuta au msitu, chochote kilicho karibu. Ni adabu nzito. Mwanamume akimkazia macho mama mkwe, kesi inaitishwa, na kama ndoa ilikuwa na ufa, ufa huo unakuwa mlango.

Jioni Anatole alitoa kamera yake ya mfukoni akamwekea Mzee Alimasi mkononi. Alimweleza juu ya Ulaya na maendeleo. Mzee aliigeuza, akainusa, akaitikisa karibu na sikio. "Hii iko kama kikopo ya tumbako," alisema. "Mutoto yangu ataingia humu namna gani?" Anatole akaanza kumweleza namna gani, lakini mzee alikuwa ameshamrudishia na ameanza kuzunguka sanduku langu, akilishika miguu kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilijisikia mkubwa. Nakiri nilijinyoosha shingo.

Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, msiba ukatokea. Anatole alikuwa ameamua kumwonyesha mzee kwa vitendo. Akaanza kuzunguka uani na kamera yake tumboni. Kwa wasioijua kamera ya namna hii, haiwekwi jichoni. Juu yake kuna kidirisha kidogo, na mpigaji anaishika kwenye kitovu, anainamisha kichwa, anaangalia kidirisha, na humo anaona kile kilicho mbele yake. Ukimwona kwa mbali unadhani anasali au anatapika. Basi Anatole akapiga kuku, akapiga kinu, akapiga mlango wa jikoni, na mlango wa jikoni ukafunguka akatoka Mama Feza na ungo wa mchele. Kamera ikalia ta.

Mama Feza aliweka ungo chini, akaingia ndani, na hatukumwona tena mpaka mambo yalipokwisha. Kesi iliitishwa pale pale, na aliyeisimamia ni kaka yake Mama Feza, yaani mjomba wa Feza, mtu mrefu mwenye upole wa kutisha. Mzee Alimasi alikaa pembeni na kofia yake, anafurahia.

Anatole alijitetea kama mtu aliyesoma. Alisema adabu inakataza macho, na macho yake yalikuwa chini. Kila mtu alimwona ameinama, tena ameinama kuliko mkwe yeyote aliyewahi kufika kijijini. "Miye sikumuangalia mama," alisema. "Mwenye aliangalia njo mashine."

Wazee wakatazamana. Lilikuwa jibu zuri, na nina hakika wawili kati yao walikuwa tayari kumwachia. Mjomba akaomba kamera, akaiweka kitovuni kwake, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akauliza, "Mule mu kadirisha, ulimuona nani?"

"Nilimuona mama," Anatole alisema.

"Alikuwa mukubwa ao mudogo?"

"Alikuwa mudogo."

"Kumbe ulimuangalia," mjomba alisema, "na tena ulimupunguza."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia, na kesi ikaisha katika kicheko hicho. Hukumu ilikuwa jogoo mmoja kwa mama mkwe, na kilichochukuliwa kirudishwe. Anatole alieleza kwamba picha haiwezi kurudishwa, iko ndani ya utepe uliozungushwa humo, pamoja na safari nzima: mto, kamba, kamyo. Mjomba akasema basi utepe utoke. Ikabidi aifungue kamera mbele ya wote, auvute utepe nje kwenye jua, akauvuta mpaka mwisho, na ukabaki unaning'inia mkononi mwake, wa kijivu, hauna mtu yeyote. Wazee waliushika mmoja mmoja wakimtafuta Mama Feza. Hawakumwona, wakaridhika.

Nilidhani zamu yangu itakuwa laini. Mjomba alinigeukia akauliza kama na mimi huwa nainama nikiwaangalia wake za watu. Nikamwonyesha nguo nyeusi. Nikajifunika, nikatoka, nikajifunika tena. Wakashauriana, na Mzee Alimasi akatangaza kwamba hii ndiyo adabu yenyewe: fundi anajifunika uso kama mwanamke mwenye heshima, na kwa hiyo haoni kitu. Sikuona sababu ya kumsahihisha. Chini ya nguo ile niliuona ukoo mzima, mabibi na mashangazi, kichwa chini miguu juu, wazi kuliko Anatole alivyowahi kumwona mtu maishani mwake. Wala sikutozwa jogoo.

Kisha nikaenda ndani kutayarisha vioo, nikaingiza mikono kwenye mfuko mwingine mweusi, wa kupangia vioo gizani, kwa sababu vioo hivyo havitakiwi kuona mwanga. Kioo cha kwanza kilinikata kidole. Nikapapasa cha pili, cha tatu, nikaendelea kupapasa vipande. Suti ya kijivu ilikuwa imevikalia tangu Alunguli mpaka Lubutu. Kilibaki kioo kimoja kizima. Nilitoka na kidole mdomoni nikatangaza kwamba mashine ya heshima ina picha moja tu.

Mngeona uwanja ule. Mzee Alimasi alikuwa ameshaleta kiti chake na kubandika nishani kifuani, akasema picha ya baba ndiyo picha ya binti, maana bila baba hakuna binti. Mjomba akataka asimame nyuma. Shangazi wawili walikuwa wameshajipaka mawese. Anatole alisema kwa adabu kwamba picha ya mke bila mume haieleweki, na kwamba yeye anaweza kusimama kidogo tu, hapa kushoto, mkono begani. Kila mtu alikuwa na sehemu yake katika picha ya Feza. Feza mwenyewe alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, amevaa kitenge cha bluu, anatusikiliza.

Aliponikaribia aliniomba jambo ambalo sijawahi kuombwa na mteja. Alitaka kuingia chini ya nguo, aone kwanza. Nikamwambia lazima mtu akae kitini, la sivyo ataona kiti. "Akae bwana yangu," alisema. Anatole akakaa, akanyoosha tai, akaweka kiganja juu ya goti. Nilimwambia asitikisike. Feza akaingia chini ya nguo nyeusi.

Alikaa humo muda mrefu mpaka watu wakaanza kuulizana. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimeshika kifuniko cha jicho la kamera, jua linanipiga. Anatole alijitahidi mwanzoni. Kisha jicho likaanza kutembea, kwa kuku, kwa kivuli, kwa saa ya mkononi, kwa kamera yake tupu iliyokuwa juu ya meza. Feza alipotoka nywele zilikuwa zimevurugika, na alizungumza na mimi peke yangu, kwa sauti ya chini. "Nimemuona vizuri," alisema. "Anaangalia saa."

Halafu alikwenda akamwinua mumewe, akakaa yeye, peke yake. Nilijifunika, nikamtafuta, nikamvuta karibu. Sitaki kujisifu, sanduku langu ni zito, linaumiza abiria, na vioo vyake vinavunjwa na matako ya karani. Lakini lina kitu kimoja. Halina haraka, na mtu anayekaa mbele yake anapata muda wa kuwa mtu. Feza hakutabasamu wala hakukasirika. Nikapiga.

Mchana, baada ya kula, Mzee Alimasi alisimama akakumbusha neno lake. Picha imepigwa, kitini, mbele ya ukoo, kwa mashine yenye miguu. Binti afunge mzigo. Anatole akainuka na kushukuru kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Wanawake wakaanza kutafuta kikapu cha njiani.

"Baba, weye njo ulisema nitarudi," Feza alisema. "Miye sikusema." Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anachambua mchele, na hakuinua sauti. Kisha akamgeukia mumewe. "Anatole, weye unapenda muntu asitikisike. Mule mu sanduku ya fundi niko, nimekaa, sitatikisika. Haule wa mu sanduku hatakuuliza kitu, na hatapita mbele ya foto yako. Peleka haule Kindu. Miye nabaki."

Mzee Alimasi alivua kofia, na nilimwona anahesabu moyoni, kwa sababu mbuzi wa mahari walikuwa wameshatolewa mahari ya mke wa mwanawe mkubwa. Mjomba alimwuliza Anatole kama anadai mbuzi. Niliogopa ataanza tena habari za mashine na macho. Lakini Anatole alitazama chini, na safari hii hakukuwa na kidirisha.

Tuliondoka Obokote alfajiri ya kesho yake. Anatole alimkataza mtu yeyote kubeba kibao chenye kile kioo kimoja. Alikifunga ndani ya koti lake la suti, akakipakata kifuani kwenye njia ya msituni, na kwenye kamyo akakipakata magotini, amekaa juu ya gunia lenye samaki, shati linanyonya mafuta. Miguu ya kamera ilimgonga mara nyingi kati ya Punia na Kalima, hakusogea. Kamera yake ya mfukoni ilikuwa tupu na hakuigusa. Nilikuwa nimeandaa dhihaka nyingi za njiani, na nyingine nzuri, lakini nilirudi nazo Kindu bila kuzitumia.

Mikelenge niliingia kwenye chumba changu cha giza siku hiyo hiyo, na picha ilipokauka nikamwita. Ilikuwa picha safi, nasema kweli, labda nzuri kuliko zote nilizopiga. Feza alikuwa amekaa wima katikati, ameangalia mbele, kama mtu aliyemaliza kusema. Anatole aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Aliiangalia, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Nilidhani analia, nikageuka kupanga chupa zangu.

"Fundi," aliniita. "Hii alama juu ya nyusi, ya kuume, hii ya kukatika. Aliipata huko kwao? Alianguka?"

Mtaa wetu wote uliijua alama hiyo. Feza alikuwa nayo siku ya kwanza aliyoshuka kwenye kamyo kuwa bibi harusi, na watoto wa mlango wa pili waliwahi kumwuliza naye akawaeleza ni ya utotoni, mti wa mchi ulimrukia. Nikamwambia Anatole hivyo, polepole, bila kuongeza kitu. Akaifunga picha ndani ya gazeti, akaaga, akaenda nyumbani kwake, na sijui aliitundika wapi katikati ya baiskeli zile mbili.

Sasa watu wanaotaka kusafiri wanakuja kuniuliza, kwa kuwa mimi ni fundi na nimekwenda mbali, kipi bora cha kubeba, kamera kubwa au ya mfukoni. Zamani niliwajibu kwa mambo ya vioo, uzito na mwanga. Siku hizi namwuliza mtu kwanza mkewe ana alama gani usoni. Akijibu papo hapo, namwambia achukue ndogo, haitamdhuru. Akianza kufikiri, naenda kufunga miguu ya sanduku kwa safari.